Gabrieli wa kwenye hedifoni ni nusu Gabrieli

Kuna msemo watu wa sanaa wanaupenda sana, kwamba usanifu wa majengo ni muziki ulioganda. Walioueneza ni Wajerumani zaidi ya miaka mia mbili iliyopita na tangu hapo kila mtu akipiga picha ya kanisa la Italia akaiposti Insta lazima aubandike hapo chini. Mimi sijawahi kuupenda. Sio kwamba ni uongo, ila hauniambii kitu, ukishausema unabaki pale pale, hujui ni jengo gani limefanya nini kwa wimbo gani. Na kwa Italia wala huhitaji mashairi, ushahidi upo kwenye noti zenyewe, kuna nyimbo ukiziangalia tu kwenye karatasi unaona kabisa huyu mtunzi alikuwa anapambana na dari.

Mimi ni bezi wa kwaya ya parokia, sio mwanahistoria. Ila nilipata bahati ya kusoma Padova, na kutoka Padova mpaka Venice ni treni ya chini ya saa moja, kwa hiyo Jumamosi nyingi niliishia huko, mwanzoni kwa ajili ya maji na picha kama kila mtu, baadaye kwa ajili ya Giovanni Gabrieli, mtunzi wa Venice wa miaka ya 1600 hivi na mpiga ogani wa kanisa la San Marco. Huyu bwana kwenye simu ni wa kawaida, niseme ukweli. Tromboni nyingi, shangwe nyingi, halafu wimbo kama hauendi popote, unasubiri kitu kitokee hakitokei. Ukiingia Basilika ya San Marco ndo unaelewa kwamba nusu ya wimbo haikuandikwa, iliachwa kwenye kuta.

Jengo lenyewe kwanza. Kuba tano, mpango wa msalaba ulioigwa kutoka kanisa la Mitume la Constantinople, na juu kote mozaiki za dhahabu, kama mita za mraba 8,000 hivi. Vioo na mawe na marumaru, sauti ikishatoka mdomoni haina pa kujificha. Imba noti moja, nyamaza, noti inaendelea bila wewe kwa sekunde kadhaa. Kwa mtu wa kwaya hiyo ni raha na ni balaa kwa wakati mmoja. Raha kwa sababu hata bezi mbovu kama mimi atasikika mtu wa maana. Balaa kwa sababu ukibadilisha harmonia (noti kadhaa zinazoimbwa kwa pamoja) haraka haraka ile ya mwanzo bado iko hewani, ya pili inapanda juu yake, ya tatu hiyo inakuja, ni kama kupaka rangi juu ya rangi ambayo haijakauka, mwisho unapata tope.

Kitu kingine watu wengi hawajui, San Marco wakati huo halikuwa kanisa kuu la jimbo. Lilikuwa kanisa la doge, yaani mtawala wa Venice, la ikulu kabisa, likaja kuwa kanisa kuu mwaka 1807 baada ya Jamhuri yenyewe kufa. Kwa hiyo muziki wa pale ulikuwa shughuli ya serikali. Wapiga ogani wawili, ogani mbili zinatazamana kushoto na kulia kwa altare, waimbaji wa mshahara, wapiga tromboni wa mshahara, na mabalozi wa nchi za watu wamekaa wanasikiliza pesa ya Venice ikiimba.

Sasa angalia Gabrieli anafanya nini. Chukua "In ecclesiis", ambayo ilichapwa mwaka 1615 akiwa ameshafariki, ina sauti 14 pamoja na ogani. Muda mrefu anaimbisha mtu mmoja au wachache na ogani chini, na hapo maneno yanaenda vizuri kwa sababu sauti chache haziwezi kujaza jengo zikajisonga. Kila kipande kinafungwa na Aleluya. Halafu linapofika neno Deus anafungulia wote, kwaya, tromboni, kila kitu, na pale haendi mbio hata kidogo, harmonia moja nzito, inakaa, inayofuata inaingia kutoka upande ambao sikio halikutegemea. Kwenye simu hapo unasema mbona anachelewa. Ndani ya jengo unagundua hachelewi, anasubiri kuba imalize kuongea. Ule ukimya kati ya harmonia na harmonia sio ukimya, ni zamu ya jengo.

Au ile "Sonata pian e forte" ya mwaka 1597, makundi mawili ya ala nne nne, moja lina kornetto (zumari la mbao lililovikwa ngozi, linapulizwa kama tarumbeta) na tromboni tatu, lingine lina fidla na tromboni tatu. Ameandika kwenye karatasi kabisa wapi pigeni kwa upole wapi kwa nguvu, kitu ambacho kilikuwa kigeni sana miaka hiyo, wapigaji walizoea kujiamulia. Na mpango wake ni rahisi mno, kundi moja likipiga peke yake ni upole, yakipiga pamoja ni nguvu. Basi. Ukisikiliza kwenye hedifoni unasema sasa hapa kuna ujanja gani, ni volyumu tu. Lakini umbali wenyewe ndo ujanja, upole unatoka kule, nguvu inatoka kote.

Hapa ngoja nitie mchanga kidogo kwenye hadithi ambayo kila muongoza watalii anakupa. Wanasema ogani mbili zinazotazamana ndizo zilizomfanya Adrian Willaert, Mflemi aliyeshika kwaya ya San Marco kuanzia mwaka 1527, avumbue staili ya kwaya mbili zinazojibizana. Inapendeza kusimulia ila haiko hivyo. Kwaya za kujibizana zilikuwepo tayari Padova na miji mingine ya jirani kabla Willaert hajachapa zaburi zake za kwaya mbili mwaka 1550, kwenye makanisa ambayo hayana kuba tano wala dhahabu. Na kumbukumbu za San Marco zenyewe zinaonyesha waimbaji wa zaburi mara nyingi walisimama sehemu moja, kwenye mimbari kubwa nje ya altare, sio huku wanne na kule wanne. Kwa hiyo jengo halikuzaa staili. Staili ilikuja na miguu yake, ikakuta jengo ambalo linaipenda, ikahamia mazima.

Ila upande wa pili nao una uzito wake, na mimi huu ndo unanikuna zaidi. Miaka hiyo hiyo ya Willaert msanifu wa San Marco alikuwa Jacopo Sansovino, na kuanzia miaka ya 1530 alijenga roshani mbili ndogo za waimbaji ndani kabisa kwenye eneo la altare, moja kila upande, zimepambwa michongo ya shaba ya habari za Mtakatifu Marko. Kwa nini pale? Doge wa wakati huo, Andrea Gritti, inaelezwa alikuwa mtu mzima mwenye mwili na maumivu, kukaa kwenye ile mimbari ya zamani kukawa shida, kiti chake kikahamishiwa ndani karibu na altare. Sasa weka kiti hapo, weka roshani kushoto na kulia. Bwana mkubwa anasikia kwaya moja sikio hili na nyingine sikio lile, karne nne kabla ya stereo.

Mwaka 2007 watafiti wa Cambridge waliileta kwaya ya St John's College mpaka Venice, wakaimba makanisa tofauti, San Marco likiwemo, wakipima sauti na kuwapa wasikilizaji karatasi za maswali wajaze walichosikia. Majibu yao yanafurahisha kama umewahi kukaa viti vya nyuma kwenye sherehe. Karibu na altare, alipokuwa anakaa doge na wakubwa wake, sauti ni safi, neno kwa neno. Huku chini kwa wananchi ni ukungu mtamu tu. Yaani muziki ule mkubwa tunaousifia leo uliwekewa mtu mmoja, sisi wengine tulikuwa tunapata mabaki yake. (Watu wakijaa na vitambaa vikitundikwa siku za sikukuu mwangwi unapungua, kwa hiyo labda mabaki hayakuwa mabaya sana.)

Na swali la kila mwalimu wa kwaya, je wanaendaje pamoja? Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, maana yake kwaya mbili zikiachana mita 34 tayari kuna sehemu ya kumi ya sekunde imepotea njiani, na sehemu ya kumi inatosha kabisa kuharibu wimbo, ukimfuata mwenzako kwa sikio umeshachelewa. Lazima ufuate kwa macho. Lodovico Viadana, padri mtunzi kutoka kule kwa kina Mantova, alichapa zaburi za kwaya nne mwaka 1612 na mbele akaandika maelekezo, kwamba mwalimu asimame na kwaya ya kwanza, aangalie kitabu cha mpiga ogani aongoze hapo, na ikifika sehemu ya wote awageukie wote na kuinua mikono yote miwili juu, hiyo ndo ishara. Nilipoisoma nilicheka kwa sababu ni kile kile mwalimu wetu anafanya siku ya Pasaka kwaya ya vijana ikiwa juu na sisi chini.

Kama unataka kuona mtunzi mmoja anabadilika kwa sababu ya kuta, usimwangalie Giovanni, mwangalie mjomba wake Andrea Gabrieli, ambaye naye alikuwa mpiga ogani San Marco. Mwaka 1585 mji wa Vicenza ulifungua Teatro Olimpico, kazi ya mwisho ya msanifu Andrea Palladio. Palladio alifariki mwaka 1580 kabla haijaisha, akaja Vincenzo Scamozzi kuweka zile barabara za mbao nyuma ya jukwaa, zinaonekana ndefu kama mtaa mzima kumbe ni mita chache tu, sakafu imepandishwa na nyumba zinapungua kimo kadiri zinavyoenda nyuma. Walifungua na mchezo wa Kigiriki, Mfalme Oidipo, na viitikio akapewa Andrea atunge. Sasa mtu aliyekuwa na uwezo wa kupanga sauti kumi na mbili, pale kaandika nyimbo kavu kabisa, sauti zote zinatamka silabi moja kwa wakati mmoja, karibu na kuongea. Jengo la mbao na plasta, watu wamekaa karibu, mwangwi mdogo, na wenye mji ni wasomi wanataka wasikie kila neno la Mgiriki. Wapo wanaosema muziki ule ni wa kuchosha. Kwenye rekodi, ndio. Lakini nimekaa kwenye zile ngazi za Olimpico, ukinong'ona jukwaani unasikika, sasa madoido ya nini.

Florence ni kesi nyingine na hapa watu wanajipoteza kwa hesabu. Tarehe 25 Machi 1436 Papa Eugenio wa Nne aliliweka wakfu kanisa la Santa Maria del Fiore, kuba la msanifu Brunelleschi likiwa linakaribia kufungwa, zaidi ya matofali milioni 4 juu ya vichwa vya watu, na Guillaume Dufay akatunga motet (wimbo wa kanisa wa sauti kadhaa) maalumu kwa siku hiyo, "Nuper rosarum flores". Vipande vyake vinne vinakwenda kwa uwiano wa 6 kwa 4 kwa 2 kwa 3. Mwaka 1973 mtaalamu mmoja akaandika kwamba huo ndo uwiano wa vipimo vya kanisa lenyewe, na ile sauti ya msingi iliyowekwa mara mbili ni picha ya kuba la Brunelleschi ambalo kweli lina ganda la ndani na ganda la nje. Dunia nzima ikashangilia. Mpaka leo utaikuta kwenye video za YouTube zenye maelfu ya views. Shida ni kwamba ukipima kanisa hesabu haikubali vizuri, na mwaka 1994 akatokea mwingine akasema jamani fungueni Biblia, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, hekalu la Sulemani lilikuwa mikono 60 urefu, ukumbi wake 40, upana 20, kimo 30. Sita, nne, mbili, tatu. Kesi imeisha.

Kwangu mimi hii ya pili ni tamu zaidi ya ile ya kwanza. Dufay hakuwa anapima kanisa lililokuwa mbele yake, alikuwa anaimba kanisa la kwenye Maandiko ndani ya kanisa la matofali, na mapadri waliokuwepo pale waliojua Biblia yao wangeweza kulikamata. Sio muziki kuiga jengo. Ni muziki na jengo wote wawili kuiga jengo la tatu ambalo halipo tena.

Ndani ya kanisa hilo hilo kuna habari ya kusikitisha kidogo. Juu ya milango ya sakristia mbili waliweka roshani za marumaru, moja ya Luca della Robbia, nyingine ya Donatello, zote za miaka ya 1430. Ya Luca imechongwa Zaburi ya 150, msifuni kwa mlio wa tarumbeta, msifuni kwa matoazi, na watoto wanaopuliza, wanaopiga, wanaocheza. Kuna wavulana wanaimba kutoka kitabu kimoja, mmoja kamwekea mwenzake mkono begani, vinywa wazi, na shingo zimekaza kabisa, anayejua kuimba anajua pale noti ni ya juu. Mwaka 1688 roshani zote mbili zikashushwa. Harusi ya mtoto wa kimfalme wa Medici, familia iliyotawala Florence, ilikuwa inakuja, muziki ulikuwa umekua, wanamuziki ni wengi, roshani za marumaru hazitoshi, zikawekwa za mbao kubwa zaidi. Kwa hiyo wale watoto wa marumaru wanaoimba milele waliondolewa kuwapisha waimbaji wa kweli. Sasa hivi ziko makumbusho ya kanisa, usawa mzuri wa kuangalia, ila kimya.

Vatikani nitapita haraka maana kila mtu anaenda kule kuangalia dari. Ndani ya Sistine, kanisa dogo la Papa, ukutani upande wa kulia kuna roshani ya waimbaji, ndogo, imebana, na waimbaji wa karne na karne walichora majina yao kwenye ukuta kwa ncha ya kitu chochote, kama wanafunzi kwenye dawati. Wakati wa kusafisha miaka ya 1990 likaonekana jina JOSQUINJ. Josquin des Prez aliimba kwaya ya Papa mwishoni mwa karne ya 15, kabla Michelangelo hajapandisha jukwaa lake la kazi kuchora hiyo dari. Mtunzi mkubwa kuliko wote wa enzi zake, na alama pekee aliyotuachia kwa mkono wake huenda ni hiyo, kuchora ukuta wa watu.

Na ukifika Venice utauziwa tiketi ya "Misimu Minne" ndani ya kanisa la Pietà, wanakwambia hapa ndipo Vivaldi alipofanyia kazi. Kanisa zuri, nendeni, ila Vivaldi alikufa mwaka 1741 na kanisa hilo la Giorgio Massari lilianza kujengwa baadaye, kwenye miaka ya 1740 hiyo hiyo. Alifanya kazi kwenye kanisa la zamani la Pietà, ambayo ilikuwa kituo cha yatima, wasichana wakipiga na kuimba juu kwenye roshani nyuma ya nondo, unasikia huoni. Mwandishi Rousseau alienda kwenye kituo kingine cha aina hiyo hapo Venice, cha Mendicanti, akalalamika sana kuhusu nondo kama hizo. Mimi naona zilisaidia biashara.

Halafu kuna swali la jengo likifa. Usiku wa tarehe 29 Januari 1996 jumba la opera la La Fenice liliungua, mafundi umeme wawili walihukumiwa kwa kulichoma, walikuwa wamechelewa kazi wakaogopa faini. Ilikuwa mara ya pili, liliwahi kuungua mwaka 1836. Meya Massimo Cacciari, mwanafalsafa kabisa, na mji wake wakaamua lijengwe kama lilivyokuwa, pale pale lilipokuwa. Rangi na malaika wa plasta unaweza kuangalia kwenye picha. Sauti utaiangalia wapi? Bahati ya ajabu, muda mfupi kabla ya moto wataalamu wa akustika walikuwa wameenda kupima ukumbi, wamerekodi jinsi unavyoitikia, kwa hiyo kulikuwa na kumbukumbu ya sikio na sio ya jicho tu. Likafunguliwa tena Desemba 2003. Kuna waliosema linang'aa mno, dhahabu mpya kama duka la sofa. Sikuwahi kuliona la zamani kwa hiyo nanyamaza, ila mbao zake zinaitikia vizuri, hata ukikaa kule juu kwa tiketi ya bei ya mwanafunzi.

Cacciari huyo huyo ndiye aliyepanga maneno ya "Prometeo" ya Luigi Nono, na kwangu hapa ndipo mzee Gabrieli anarudi. Nono alikuwa Mvenice, alikulia humo, alimsoma Gabrieli vizuri. Mwaka 1984 akachukua kanisa la San Lorenzo ambalo lilikuwa halitumiki, msanifu Renzo Piano akamjengea ndani yake chombo kikubwa cha mbao, kama mwili wa jahazi, watazamaji kama 400 wanakaa ndani chini, wanamuziki wanawazunguka juu kwenye roshani za ngazi tofauti, wakihama kutoka sehemu moja kwenda nyingine huku muziki unaendelea, na spika zinazungusha sauti zao. Claudio Abbado akaongoza. Hakuna jukwaa, hakuna maigizo, hakuna cha kuangalia. Nono alisema waziwazi alitaka watu wasikilize. Kwa hiyo mara hii hakuna doge kwenye kiti kizuri, kila mtu yuko katikati.

Nimejaribu kuisikiliza nyumbani na inanishinda, zaidi ya saa mbili za minong'ono na noti ndefu ambazo hata feni ya dari inazifunika. Sishangai. Mwaka 1985 walilifungua lile jahazi wakaenda kulisimika kwenye kiwanda cha zamani Milano, yaani jengo ndo lilikuwa linasafiri na muziki kama tromboni kwenye begi lake, na tangu lilipoachwa kutumika kila wanaotaka kuipiga "Prometeo" inabidi watafute kwanza ukumbi, wazunguke humo na kupiga makofi, halafu ndo waamue nani asimame wapi.